Nimeandikiwa miwani ya minasi, nimepewa ya plasi, halafu naambiwa nitazoea!

Wakuu salaam. Nimevumilia wiki mbili, leo acha niseme maana dukani kwao hakuna wa kunisikiliza.

Mimi vitu vya mbali sivioni. Daktari wa macho kanipima kaniandikia -2.00 (minasi mbili, ya sisi tusioona mbali) macho yote mawili, nikaenda duka moja hapa mjini Mwanza (jina silitaji mods wasije wakafuta uzi), nikalipa 85,000 fremu na vioo. Siku ya kuchukua jamaa kanivalisha kanipa gazeti, "soma kaka". Nikasoma fresh, herufi zimenona hizo, nikashukuru nikasepa. Sasa mtu kaja analalamika haoni mbali we unampima na gazeti la mkononi, hiyo akili kweli?

Kufika stendi, vibao vya daladala, Buhongwa sijui Igoma sijui Airport, yote uji. Kichwa kinagonga. Nikivua naona afadhali! Nikarudi, "utazoea, miwani mipya ndo ilivyo". Basi nikazoea, nimepanda daladala za Buhongwa mara mbili na mimi nakaa Kirumba.

Aliyenifumbua ni dogo wa fomu tatu hapa home. Kaichukua miwani kasimama mkabala na dirisha linaloangalia ziwani, kaweka daftari nyuma ya hiyo miwani karibu nusu mita hivi. Wakuu, dirisha lote likatokea kwenye karatasi, nondo, pazia, na mitumbwi ya pale mwaloni midogo kama punje za karanga, IMEPINDUKA kichwa chini, maji juu mbingu chini. Akachukua ya jirani ambayo ni minasi kweli, akaisogeza mbele na nyuma weee, hamna kitu, kivuli tu. Anasema lenzi mbonyeo (nyembamba katikati, ndo minasi) haiwezi kutupa taswira ya dirisha ukutani hata ukeshe, inayotupa ni mbinuko (nene katikati, ndo plasi), na ikitua nusu mita basi hiyo ni plasi mbili maana namba ya lenzi ni moja gawanya kwa huo umbali wa mita, na moja gawanya kwa nusu ni mbili. Mtoto huyo, hajawahi hata kukanyaga duka la miwani.

Yaani jicho langu tayari lina haraka, mwanga wa mbali linaukusanya kabla haujafika kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Nilitakiwa kuwekewa kioo cha kuutawanya kidogo ili picha isogee nyuma itue panapotakiwa, wao wakaniwekea cha kuzidi kuukusanya. Bila miwani naona vizuri mpaka kama nusu mita, nikivaa yao mwisho robo mita, ndo pale pale gazeti lilipokuwa!!! Hako kaalama ka kutoa mbele ya 2 walidhani ni uchafu wa kalamu au?

Jana nikaenda tena. Sikubishana, nikasimama ndani huku mlango uko wazi jua kali nje, nikashika miwani mkono mmoja na risiti yao mkono mwingine. Bodaboda zinapita barabarani, kwenye risiti zinapita miguu juu, tena zinaelekea upande wa pili. Wateja wawili wakasogea kuchungulia, mama mmoja kaanza kuvua yake aijaribu. Jamaa kaniangalia weee, kachukua kitambaa kanifutia vioo, "ni vumbi tu hilo kaka".