Naomba ushauri: Kinjeketile au Mekatilili?

Walimu wenzangu, hamjambo? Nalea kikundi cha maigizo katika sekondari moja hapa Malindi, wengi wao wasichana. Nimeipenda Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein: Vita vya Maji Maji, imani inayowaunganisha watu kisha ikawaponza. Lakini nafasi kubwa karibu zote ni za wanaume. Moyo wangu uko kwa Mekatilili wa Menza, aliyewaamsha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, akakusanya watu kwa ngoma ya kifudu. Ni historia ya nyumbani kabisa, ila itabidi tuiandike wenyewe. Aliyewahi kutunga tamthilia na wanafunzi, mlianzia wapi? Na kifudu ni ngoma ya matanga; je, yafaa kuicheza jukwaani kabla ya kuwaendea wazee?