Nyumba kongwe Bububu: ukuta wa fleti ya chini unatoka jasho

MwalimuWaChini
Assalaam alaykum. Nimepanga fleti ya chini katika nyumba ya shamba ya zamani upande wa Bububu, Unguja, ya tajiri mmoja wa karafuu. Sasa ina fleti nne. Ukumbi wamekatiza matofali ya saruji, na ngazi kubwa ya mbao inapanda hadi kwenye ukuta, haina pa kwenda. Wazee wa hapa wanasema ramani kachora Sinclair, yule msanifu wa enzi za Waingereza.

Suala langu: mwaka juzi mwenye nyumba alipiga plasta ya saruji hadi kiunoni, na rangi ya mafuta juu yake. Masika haya unyevu umepanda juu ya plasta, kwenye chokaa ya zamani, na chumvi inanidondokea kitandani kama unga wa sembe. Anataka kupandisha saruji mpaka darini. Nimwache?

FundiNiru
Wa alaykum salaam. Usimwache! Ukuta huo ni mawe ya matumbawe na chokaa: unakunywa maji chini na kuyatoa taratibu usoni. Umezibwa, basi maji yanatafuta njia juu. Akifika darini nayo maji yatafika kwenye vichwa vya boriti, vioze humo humo ukutani usione kitu. Bandueni saruji yote, ukuta ukauke (miezi, si wiki), ndipo chokaa, na niru (chokaa laini ya kumalizia) mwisho. Tazama na nje: udongo wa bustani ukiwa juu kuliko sakafu yako, anzeni kuchimba.

MtotoWaVuga
Na juu yako kuna bafu? Nyumba hizo hazikujengwa na mabafu manne. Kwetu la juu lilivuja juu ya boriti mpaka siku moja dari ikatuangukia tunakula futari.
Sinclair: Mahakama Kuu ya Vuga na Beit el Amani (jumba la makumbusho) ya 1925 ni zake. Lakini Unguja kila nyumba yenye tao anapewa yeye. Kaulize Nyaraka za Taifa, Kilimani.

MwalimuWaChini
Nimepanda kutazama. Bafu liko juu ya kitanda changu hasa. Kitanda nimekihamisha, mwenye nyumba anakuja Ijumaa baada ya sala. Fundi, chokaa nikachukue kwa nani?

FundiNiru
Nitumie ujumbe, nna chokaa ya shimoni, imeroweka tangu mwaka jana. Na picha ya dari kabla ya Ijumaa.