Nataka kuanza poka ya mtandaoni: nianzie wapi nisiliwe kizembe?

Mgeni wa Karata

Wakuu, habari za saa hizi. Mpangilio wa mikono ya poka nimeshaushika, najua flashi (karata tano za rangi moja, mfano kopa tupu) inaipiga streti (tano zinazofuatana) na fuli (tatu zinazofanana pamoja na jozi) inaipiga flashi. Texas Hold'em nayo naielewa: karata mbili mkononi, tano mezani. Sasa nataka kucheza mtandaoni kwa dau dogo. Naomba mnisaidie: nitajuaje tovuti ni salama, niweke kiasi gani, na nicheze karata zipi? Meza za pesa za bandia naona watu wanasukuma chipu zao zote kila mkono, sijui kama kuna cha kujifunza pale.

Shupaza

Mkuu, nianze na usalama, maana ukikosea hapo ufundi wa karata hautakuokoa. Kwanza hakikisha sheria za unakoishi zinaruhusu na umri wako umefika. Kwingi ni miaka 18, kwingine 21.

Halafu teremka chini kabisa kwenye ukurasa wa tovuti utafute namba ya leseni. Usiridhike na nembo, nembo yeyote anaweza kuibandika. Fungua mwenyewe tovuti ya mdhibiti, kwa mfano Malta Gaming Authority au Gambling Commission ya Uingereza, tafuta kampuni hiyo kwenye orodha yao ya wenye leseni, kisha linganisha jina na anwani ya tovuti herufi kwa herufi. Tovuti feki huweza kutofautiana na ya kweli kwa herufi moja tu.

Jambo ambalo wengi hawalisomi: pesa za wachezaji zinakaa wapi? Zimetengwa na pesa za kampuni au zimechanganywa? Mwaka 2011 Full Tilt Poker, iliyokuwa miongoni mwa vyumba vikubwa kabisa duniani, iligundulika haina pesa za kuwalipa wachezaji wake. Salio waliloliona kwenye skrini lilikuwa tarakimu tu. Wachezaji wa Marekani walianza kulipwa mwaka 2014. Kampuni zenye leseni ya Uingereza zinatakiwa kueleza pesa zako zina ulinzi wa kiwango gani ikitokea kampuni imefilisika. Ukikuta zimeandika kwamba hazina ulinzi, usilaze salio kubwa humo.

Ukishajiridhisha, weka kiasi kidogo, peleka kitambulisho siku hiyohiyo, cheza kidogo, kisha omba kutoa sehemu ya pesa. Fanya hivyo kabla hujashinda chochote cha maana. Maombi mengi hukwama kwa sababu jina la akaunti ya malipo halifanani na la kitambulisho, na hilo ni afadhali uligundue mapema.

Nenosiri liwe la pekee, lisilotumika kwingine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya kutoa namba, si kwa ujumbe mfupi, kwa sababu laini ya simu inaweza kutekwa. Barua pepe yako nayo ifungwe hivyohivyo. Aliyeingia kwenye barua pepe ameshaingia kwenye akaunti ya poka.

Programu za "kukusaidia kushinda" zinazosambazwa kwenye magrupu ziogope kama moto. Mwaka 2015 ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza virusi walivyoviita Odlanor, vilivyojificha ndani ya programu za aina hiyo. Kazi yake ilikuwa kupiga picha skrini ya mchezaji na kuzituma kwa mwizi, ambaye kisha alikaa naye meza moja akizijua karata zake zote.

VPN ya kudanganya ulipo, akaunti mbili za mtu mmoja, kumchezea mwenzako kwenye akaunti yake: yote hayo huishia akaunti kufungwa na salio kuzuiwa. Na klabu za simu ambazo chipu zake unanunua kwa "wakala" kwenye ujumbe, usiingie. Hakuna leseni, hakuna wa kumlalamikia, na watatu kati ya sita mezani wanaweza kuwa wanaambiana karata kwenye simu.

Kiti cha Mwisho

Shupaza kamaliza upande wake, mimi niseme kuhusu karata.

Mgeni hupoteza pesa kwa kucheza mikono mingi mno, na kuicheza kwa kufuata tu dau la wenzake. Anza na meza moja ya watu sita, ya pesa taslimu (yaani si mashindano). Ukikaa kiti cha kwanza baada ya blaindi (madau ya lazima, dogo na kubwa, ya wachezaji wawili wanaomfuata mgawaji), cheza hizi tu: jozi kuanzia 6-6 kwenda juu, AK, AQ, AJ, na kwa karata za rangi moja ongeza A-10, KQ, KJ, QJ na J-10. Nyingine zote tupa. Ukihesabu, hiyo ni michanganyiko 122 kati ya 1,326, yaani kama 9%. Wazoefu hufungua zaidi ya hapo, lakini mwezi wa kwanza bana tu.

Kadiri unavyokikaribia kiti cha mgawaji ndivyo unavyoongeza. Ukiwa mgawaji mwenyewe na waliokutangulia wametupa, unaweza kucheza jozi zote, A yoyote yenye rangi moja, na karata zinazofuatana kama 9-8 za rangi moja. Sababu ni kwamba baada ya karata tatu za kwanza kufunuliwa wewe ndiye utakayeamua wa mwisho kila raundi. Umeshaona wenzako wamefanya nini, wao bado wanakukisia.

Ukiingia wa kwanza, usifuate blaindi; pandisha hadi mara 3 ya blaindi kubwa, au kama kuna waliofuata tu kabla yako, ongeza blaindi moja kwa kila mmoja. Ukipandisha, mara nyingine wote watatupa na poti (madau yote yaliyo mezani) unaiokota palepale, na tovuti nyingi hazikati kamisheni mkono ukiishia hapo. Kamisheni usiidharau: 5% ya poti ni makato ya kawaida, na kwenye meza ndogo ndiyo inayomla mchezaji wa wastani polepole.

Jozi ndogo, 2-2 hadi 5-5, zinadanganya. Kupata karata ya tatu inayofanana kwenye zile tatu za kwanza ni kama mara 1 kati ya 8.5. Kwa hiyo ukipandishiwa, fuata tu kama wewe na mpinzani kila mmoja ana angalau mara 15 ya kiasi unachotakiwa kulipa. Vinginevyo hata ukiipata, hakuna cha kumla.

Kuhusu kudanganya kwa dau: kwenye meza za chini watu hawatupi karata. Danganya kidogo sana. Ukiwa na mkono mzuri weka dau la theluthi mbili ya poti waache wafuate. Na yule mkimya aliyekuwa anafuata tu muda wote, akipandisha ghafla kwenye karata ya tano, jozi yako moja imeshakufa. Tupa.

Pesa za bandia ni za kujifunzia vitufe tu. Saa moja inatosha. Kiswichi cha kujiongezea chipu kiotomatiki kizime, na kitufe cha kutupa mapema usikizoee: utakuja kutupa mkono ambao ungeona karata inayofuata bure.

Hesabu Kwanza

Naongeza hesabu, maana ndipo wageni wanapovuja bila kujua.

Una 9 na 8 za kopa. Mezani kuna K ya kopa, 4 ya kopa, 2 ya shupaza, na ya nne imetoka J ya uru. Poti ina 100, mpinzani anaweka 50. Ufuate?

Unalipa 50 ili ule 150. Jumla ni 200, kwa hiyo unahitaji kushinda angalau 25% ya mara zote. Kopa zilizobaki ni 9, karata usizoziona ni 46. 9 kwa 46 ni 19.6%. Haitoshi. Katika mara 46 utakula 150 mara 9, yaani 1,350, na utapoteza 50 mara 37, yaani 1,850. Ni hasara ya karibu 11 kila unapofuata. Ili uwe sawa, kila kopa inapotoka lazima umtoe mpinzani wastani wa 56 zaidi kwenye raundi ya mwisho. Kama amebakiwa na 40, tupa bila kujiuliza. Tena hapo nimekuhurumia: J na 2 za kopa zinaleta jozi mezani na zinaweza kumpa fuli, na flashi ya 9 inapigwa na yeyote mwenye kopa mbili zenye moja kubwa kuliko 9.

Njia ya haraka: hesabu karata zinazokusaidia, zidisha kwa 2 kama imebaki moja kufunuliwa, kwa 4 kama zimebaki mbili na zote utaziona bila kulipa tena. Watu wengi huzidisha kwa 4 hata pale ambapo watadaiwa dau jingine katikati, na hilo ndilo kosa.

Pesa za kuanzia: mitaji 40 ya meza, kila mtaji ukiwa blaindi kubwa 100. Kwenye meza ya senti 1 na 2 za dola, mtaji mmoja ni dola 2, kwa hiyo dola 80. Zikishuka chini ya mitaji 30 ya meza unayocheza, teremka daraja. Kwa nini nyingi hivyo? Chukua mchezaji mzuri anayepata blaindi 5 kila mikono 100, na mtawanyiko wa kawaida (kipimo cha matokeo yanavyopanda na kushuka) wa blaindi 90 kwa mikono hiyo 100. Baada ya mikono 10,000 bado ana uwezekano wa karibu 29% wa kuwa kwenye hasara, bila kosa lolote. Kwenye mikono 100,000 unashuka hadi kama 4%. Kwa hiyo wiki mbili za kushinda au kuliwa hazikuambii kitu kuhusu uwezo wako.

Weka kikomo cha kuweka pesa kwa mwezi kwenye mipangilio ya akaunti leo, ukiwa na akili tulivu. Ukipoteza mitaji 3 kwa kikao kimoja, funga. Ukijiona unapandisha daraja ili kurudisha zilizoliwa, au unakopa, tumia kitufe cha kujifungia akaunti. Tovuti zenye leseni inayoeleweka wanacho.

Mgeni wa Karata

Nimeelewa wakuu, asanteni sana. Swali la mwisho: mashindano yana ada ndogo na zawadi kubwa. Si bora nianzie huko?

Kiti cha Mwisho

Mkuu, zawadi hizo huenda kwa wachache. Kwa kawaida wanaolipwa ni 10 hadi 15 katika kila 100, na sehemu kubwa inabebwa na watatu wa juu, ndiyo maana huko unahitaji mitaji 100 au zaidi. Isitoshe blaindi zinapanda kila dakika chache, na ukibakiwa na blaindi chini ya 10 mchezo unakuwa kusukuma zote au kutupa, basi. Kwenye meza ya pesa taslimu blaindi hazibadiliki, unaanza na blaindi kubwa 100, na unakutana na maamuzi ya raundi zote nne. Cheza mikono 5,000 hapo, hifadhi rekodi zake, kisha kila wiki chagua mitano uliyopoteza poti kubwa uilete hapa tuiangalie. Andika viti, salio la kila mmoja na ukubwa wa kila dau, la sivyo hatuwezi kukuambia lolote.