Fibroidi na dawa za Kichina: kuna aliyepona kweli?

Nuru
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 38. Altrasaundi imeonyesha fibroidi, yaani vivimbe, vitatu kwenye kizazi, kikubwa kina sentimita 5. Hedhi siku tisa, mabonge ya damu, usiku nalalia taulo. Daktari kasema upasuaji. Tabibu wa Kichina kanishika mapigo, kaangalia ulimi, akasema damu imetuama tumboni: ninywe vidonge vya Guizhi Fuling miezi mitatu na niweke lulu za mitishamba (vifuko vidogo vya dawa) ukeni. Kisu nakiogopa jamani.

Mama Pacha
Mdogo wangu, lulu ziache! Siku ya tatu zilinitoa vinyama vyeupe, nikapiga picha, muuzaji akanijibu "uvimbe unatoka huo". Nikashangilia. Kupima tena, vivimbe viko palepale, na maambukizi juu. Kumbe ni ngozi ya ndani ya uke iliyobabuka.

Shangazi Zai
Mie vidonge vya Kichina nilimeza mwaka mzima, vikanywea.

Muuguzi
Shangazi, shikamoo. Ulikuwa na miaka mingapi?

Shangazi Zai
Marahaba. 52. Hedhi ilishakata.

Muuguzi
Basi hapo hatujui kilichosaidia. Hedhi ikikoma homoni hushuka, na fibroidi nyingi hunywea zenyewe.

Nuru, uvimbe huu huota kwenye msuli wa kizazi, lulu haziutoi. Guizhi Fuling siidharau, ni fomula ya Zhang Zhongjing, tabibu wa China ya kale, enzi ya Han: vijiti vya mdalasini, uyoga wa fuling, peoni, kiini cha kokwa ya pichi. Lakini Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, walipopitia tafiti za mitishamba kwa fibroidi mwaka 2013, walikuta ushahidi hautoshi kuikubali wala kuikataa. Mimi nahofia zaidi hayo mabonge. Umepima wingi wa damu? Na watoto bado unataka?

Nuru
Damu 7.9, na nikipanda ngazi pumzi zinaniishia. Watoto nataka, sina hata mmoja.

Muuguzi
7.9! Ni ndogo mno. Ndiyo maana ngazi zinakutoa pumzi. Rudi kwa daktari wiki hii, uombe dawa ya kupunguza damu ya hedhi na madini ya chuma. Muulize kama kuna uvimbe uliochomoza ndani ya kizazi. Huo ndio hutoa damu sana, na mara nyingi hutolewa kwa kupitia ukeni bila kupasua tumbo. Upasuaji wa kutoa vivimbe tu hukuachia kizazi. Vidonge nenda navyo, avione.

Nuru
Kumbe kizazi kinabaki? Mimi nilielewa wanang'oa chote.