Tahadhari kuhusu "Krismasi ya Alps" huko Hallstatt, Austria: wakala amechukua fedha zetu kwa mambo ambayo hayapo

Wanajukwaa, salaam. Nina hasira, lakini nimejitahidi kuandika kwa utaratibu ili ndugu wengine tunaoishi nao huku Ujerumani wasije wakalipa kama tulivyolipa sisi. Wakala mmoja wa safari, ambaye simtaji kwa kuwa bado ninamdai, alitangaza kwa Kiswahili kwenye makundi yetu ya WhatsApp safari ya familia ya kwenda Hallstatt, usafiri na malazi vikiwemo. Aliahidi theluji, soko la Krismasi kando ya ziwa usiku wa tarehe 24 Desemba, ziara ya mgodi wa chumvi, na Baba Krismasi wa kuwagawia watoto zawadi. Katika hayo yote hatukupata hata moja.

Nianze na usiku wa tarehe 24, kwa maana ndio unaoonyesha kwamba mtu huyu anauza mahali asipopajua. Nchini Austria jioni hiyo ndiyo Krismasi yenyewe. Maduka mengi hufungwa kufikia saa nane mchana, watu hurudi nyumbani, mti huwashwa taa, watoto hupokea zawadi ambazo kwa desturi ya huko huletwa na Mtoto Yesu, wala si Baba Krismasi, na baadaye wengi huenda kwenye misa ya usiku. Mtakatifu Nikolaus, mzee wa zawadi anayefanana na Baba Krismasi, huwa amekwisha kupita tangu tarehe 6. Sisi tulifika giza likianza kuingia, tukakuta uwanja wa mji mtupu, mikahawa imefungwa, saa za ziara ya mgodi zimekwisha, na watoto wenye njaa wanauliza soko liko wapi. Kiongozi wa msafara akatuambia kwamba wenyeji wamebadilisha ratiba. Huo ni uongo. Hakuna aliyebadilisha chochote. Ndivyo wanavyoishi kila mwaka, na anayepokea fedha za watu alipaswa kulijua hilo.

Kuhusu theluji sitasema mengi. Milima inayouzunguka mji ni mirefu, lakini Hallstatt yenyewe iko kando ya ziwa, kwenye kimo cha mita 500 hivi tu, na mvua ya Desemba si ajabu huko.

Lililoniuma zaidi ni la makaburini. Kando ya kanisa Katoliki, juu kwenye mteremko, pana makaburi machache na chumba kinachohifadhi mafuvu zaidi ya 1,000, mengi yakiwa yamechorwa maua na kuandikwa majina ya marehemu, kwa sababu ardhi ilikuwa finyu mno hata mifupa ya zamani ikabidi ifukuliwe kuwapisha wafu wapya. Jioni ya tarehe 24 familia huwasha mishumaa kwenye makaburi ya watu wao. Kiongozi wetu, alipokosa cha kutuonyesha, alitupandisha huko kundi zima, akawasha taa ya simu na kuanza kurekodi video ya matangazo huku mama mmoja mzee ameinama mbele ya kaburi. Nilimwambia azime, akanijibu kwamba tumelipia. Tumelipia nini? Kwetu hata uani kwa jirani huingii bila kubisha hodi, sembuse kwenye kaburi la mzazi wa mtu!

Mji huo una wakazi wasiofika 800, na siku za msimu mkubwa hupokea wageni hadi 10,000 kwa siku. Ndiyo maana mwaka 2023 uliwekwa uzio wa mbao kuziba mandhari ambayo watu hujazana kujipiga picha, ingawa uliondolewa baada ya kelele za mitandaoni. Na ndiyo maana mabasi ya watalii hutakiwa kuweka nafasi kabla ya kufika. Wakala wetu hakuweka. Basi lilirudishwa, tukapelekwa kwenye kituo cha treni kilicho ng'ambo ya ziwa, tukasubiri kivuko kwenye baridi tukiwa na watoto wachanga, na nauli tukajilipia wenyewe.

Nimemwandikia kudai fedha, naye amejibu kwamba hali ya hewa na sikukuu haviko mikononi mwake. Theluji ninamwachia. Lakini nafasi ya basi ilikuwa mikononi mwake, na soko la uongo alilitangaza mwenyewe. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 kuhusu vifurushi vya safari, mwandaaji huwajibika kwa kila huduma iliyomo kwenye mkataba, na msafiri ana haki ya kupunguziwa bei isipotolewa ilivyoahidiwa. Wote mliokuwa kwenye basi lile, tunzeni tangazo, risiti na ujumbe wake, kisha mniandikie faraghani ili tudai kwa pamoja. Na wewe wakala, najua unasoma hapa: tangazo la mwaka ujao umekwisha kulibandika, likiwa na picha ileile na Baba Krismasi yuleyule. Liondoe, na ile video ya makaburini uifute leo.