Mafundi wa faiba Dodoma, boti siyo bampa ya Noah!

Wakuu, habari za jioni. Sina salamu ndefu leo, nimekereka. Na mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa gereji za magari, maana hicho ndicho hasa ninachokilalamikia: mji huu kila mtu anaona faiba ni faiba, iwe tangi la maji, bampa au chombo kinachobeba roho za watu.

Mimi na mdogo wangu tulinunua boti kuukuu ya faiba, futi 16, ikapandishwa kwenye Fuso kutoka Dar mpaka nyumbani Nkuhungu. Majirani walicheka sana. Boti Dodoma? Kwani bahari imehamia huku na wizara? Wacheke tu. Mtera iko njia ya Iringa, kilomita mia na ushee kutoka hapa, bwawa kubwa la Ruaha Mkuu lenye mitambo ya megawati 80. Perege na kambale wapo, na watu wa Migoli wanakula na kusomesha kwa maji yale. Ganda la boti yetu lilikuwa zima, mkuku umenyooka, hakuna ufa wa kutisha. Ugonjwa ulikuwa ukuta wa tezi, ule wa nyuma inakofungwa injini.

Kwa asiyejua: ukuta huo hauna faiba tupu. Katikati kuna plaiwudi nene, imevishwa faiba ndani na nje. Tundu la bolti lisipozibwa vizuri, maji yanaingia taratibu, plaiwudi inaoza humo humo ndani na nje boti inaendelea kung'aa. Sasa piga hesabu: injini ya farasi 40 inazidi kilo 70, imening'inia pale nyuma, na ikivutwa moto nguvu yote ya kusukuma chombo inapita kwenye mbao hiyo. Ikikatika katikati ya bwawa unapoteza injini na kuachiwa tundu la kuingizia maji kwa pamoja.

Tukaipeleka kwenye gereji moja yenye bango la "faiba ya kila aina". Siitaji jina, sitaki kesi. Makubaliano yalikuwa wazi na yameandikwa kwenye karatasi: kata faiba ya ndani, chimba mbao yote iliyooza, weka plaiwudi mpya, funika kwa mkeka wa faiba tabaka juu ya tabaka mpaka ukuta urudi unene wake. Laki nane, nusu mkononi kabla ya kazi. Boti ikarudi nyeupe pee, watoto wa mtaa wanajitazamia ubavuni.

Nikashika drili nitoboe matundu ya bolti za injini. Kwanza ukatoka unga wa kijivu, mkavu, mwingi kupita kiasi. Drili inazama tu, haikutani na mbao. Nikajua hapa kuna jambo. Kisha ikanasa, nikaichomoa: kwenye mizunguko ya drili pamejaa tope jeusi, bichi, lina harufu ya gunia lililolala mvuani. Nikalibana kwa vidole, likatoa maji. Mbao ni ile ile iliyotoka Dar! Hawakuchimba kitu. Wamekwangua juu juu, wamejaza bodifila, ile lipu ya kusawazishia mabonde ya bodi ya gari, unene wa karibu kidole kizima, wakapiga msasa, wakapiga rangi, wakapiga picha ya kuweka status.

Nampigia fundi ananijibu, "Bosi, boti inakaa kwenye maji, unyevu kidogo lazima." Unyevu gani, na boti haijaona maji tangu ifike Dodoma! Hela ya watu harudishi, anasema vifaa vimeshatumika.

Bodifila ya gari imechanganywa na unga laini wa talki na inanyonya maji. Kwenye mlango wa gari sawa, pale kuna rangi na jua. Kwenye boti, chini ya mstari wa maji, inavimba, inaachia, na haina nguvu yoyote ya kubeba mzigo. Nguvu ya faiba iko kwenye nyuzi. Bodifila haina nyuzi. Hili fundi anayejiita wa faiba halijui, au analijua na anatuona sisi wote wa bara hatujui maji?

Nikaamua kazi ifanyike hapa hapa uani, mimi na dogo, grainda na barakoa. Ndipo nikakutana na wauza vifaa, na huko ndiko hasira zilikopanda ghorofa ya pili.

Kuna duka linauza rezini, ile gundi ya maji inayoloweshwa kwenye mkeka wa faiba ikaganda, kwa kupima. Dumu kubwa liko chini ya bati, joto la Oktoba la Dodoma mnalijua, anakuchotea kwenye chupa ya maji ya kunywa. Tarehe ya kutengenezwa hakuna, jina la aina hakuna. Rezini ya polyesta ni kitu chenye umri, huhesabiwa kwa miezi, na hiyo ni kama imewekwa mahali pa baridi. Kwenye joto inajigandia yenyewe polepole. Niliyouziwa ilikuwa inavutika na ina mabonge. Nimerudi nayo, muuzaji anasema, "Ongeza tina itakuwa laini." Tina, ya kuyeyushia rangi! Tina ikibaki ndani ya rezini inayokauka unapata ganda dhaifu, linalonyumbulika na kunuka, halafu unaenda nalo Mtera ambako visiki vya miti iliyozamishwa na bwawa vimesimama majini kila upande na viboko wapo.

Hadina, dawa ya kugandisha rezini, ndiyo iliyonitoa uvumilivu. Ameniwekea kwenye kichupa cha dawa ya macho. Wakuu, hadina ile ikikuruka jichoni inaweza kukupofusha, na wewe unaifunga kwenye kichupa cha dawa ya macho, bila lebo, nyumba zetu hizi zina watoto! Nikamuuliza kipimo. "Vifuniko viwili." Vifuniko viwili kwa rezini kiasi gani? "Kwa hiyo hiyo." Kipimo ni kwa uzito: gramu 10 mpaka 20 kwa kilo moja ya rezini, yaani asilimia 1 hadi 2. Kwa joto la huku unabaki karibu na 10, ila ukishuka chini ya hapo haikauki sawasawa hata ukingoja mwaka. Ukizidisha inachemka. Kikombe cha kwanza kwa vipimo vya vifuniko kilianza kufuka moshi mkononi mwa dogo, plastiki ikalegea, akakitupa mchangani, kikapasuka vipande. Shukuru Mungu hakuwa ndani ya boti.

Na bado. Rezini yake haikuwa na kobalti ndani, kile kichapuzi kinachoisaidia hadina kugandisha, kwa hiyo kobalti akaipima pembeni, kidogo, ya zambarau, akaitia mfuko mmoja wa plastiki na hadina, vichupa vimegusana, kimoja kinavuja. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe bila rezini zinaweza kuwaka au kulipuka! Kobalti inachanganywa kwanza kwenye rezini mpaka ipotee, hadina inafuata. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi hii, na mtu aliye kaunta miaka yote haijui, na mimi nilikuwa naupakia mfuko ule kwenye bodaboda katikati ya mapaja.

Halafu plaiwudi. Ukiuliza plaiwudi ya boti Dodoma nzima unaonyeshwa marini bodi. Jina tamu. Ni zile bodi zenye ngozi ya plastiki ya kahawia au nyeusi, za kumwagia zege. Tangu serikali ihamie na majengo ya Mtumba yaanze zimejaa kila kona, na kwa kazi ya zege sina neno. Ila ngozi ile imewekwa makusudi ili zege isishike, na rezini nayo haishiki. Nikaikwangua ngozi kwenye kipande kimoja, nikakitia kwenye sufuria na kukichemsha mchana kutwa jikoni (mama watoto hajanisamehe). Kikafunguka kama kitabu, kurasa zinaelea. Gundi yenyewe haistahimili maji. Plaiwudi ya boti ya kweli huwa na muhuri wa BS 1088 na kipande chake hukichemshi kikafanya hivyo. Mwenye duka kajibu, "Wote wananunua hiyo, mzee." Wote akina nani? Wanajenga slabu hao!

Kabla hamjaanza kuandika "weka mninga": ubao mzima unavimba wakati wa maji na kusinyaa wakati wa jua, na hewa ya Dodoma ni kavu, utapasua faiba iliyoufunika. Plaiwudi inatumika kwa sababu matabaka yake yamepishana na hayachezi. Na kwa mwenye kusema "si ungefunika tu mkeka juu ya bodifila yao": faiba mpya inashika kwenye faiba iliyokwaruzwa vizuri na grainda, tena kwa mteremko mrefu, mara 12 ya unene. Ganda la milimita 6 linataka mteremko wa sentimita 7 hivi kila upande. Ukibandika juu ya rangi umebandika kwenye rangi. Na vumbi letu hili la upepo likitua kati ya tabaka na tabaka, kazi imeharibika, ndiyo maana sisi tunaanza alfajiri na turubai limezunguka uani.

Kinachoniuma siyo laki nane peke yake. Siku naenda kugombana pale gereji nimekuta boti nyingine ya faiba, kubwa kuliko yetu, imetoka kupigwa bodifila ile ile kwenye tezi, inangojea gari la kuipeleka Mtera. Nikamuuliza mwenyewe anabeba nini. Wavuvi na abiria wa kuvuka. Nikamwambia atoboe aone, fundi akaja juu, kwamba namharibia biashara. Mwenye boti akanitazama kama mchawi, akaondoka nayo. TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, wanakagua vyombo vidogo, ndiyo, ila mkaguzi akija anakuta rangi nyeupe safi, ataona nini ndani ya ukuta?

Kwa hiyo kama wewe uko Migoli, Mtera, au hata Singida, na boti yako imepita gereji za Dodoma: chukua drili ya milimita 5, toboa ukuta wa tezi kwa ndani, chini kabisa karibu na sakafu. Ukitoka unga wa mbao mkavu, mweupe, ziba kwa gundi ya epoksi uendelee na kazi. Ukitoka unga wa kijivu na tope jeusi, shusha injini leo leo.

Natafuta mtu wa Dar au Mwanza anayeuza rezini yenye tarehe kwenye kopo lililofungwa na plaiwudi yenye muhuri, nauli ya mzigo nitalipa mimi. Njoo PM. Wale wa "uza boti nunua ng'ombe" mmeshaandika sana, pumzikeni.