Kikundi cha ukoo: Nyumba ya Barabara ya 14

Zuhura: Asalaam alaykum. Shikamoo Bibi, shikamoo Mjomba, shikamooni wakubwa wote. Leo nimepita nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kumwona Bibi, nikamkuta yule mama wa vitumbua, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, kakaa barazani na simu mkononi. Jana tarehe 1 ilikuwa zamu yake ya umeme. Kaweka 2,000, zimekuja uniti 1.4. Zile 1,500 zimekwenda kwenye kodi ya jengo. Vyumba vinne mita moja, saa nane usiku giza. Mchele kauloweka, blenda haina umeme. Asubuhi hakuuza.

Mjomba Bakari: Waalaykum salaam, marahaba mama. Pole yake. Ila ile kodi ni ya serikali, hatukuipanga sisi. Kila nyumba yenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inakatwa.

Zuhura: Inakatwa kwenye LUKU, Mjomba, lakini anayedaiwa ni mwenye nyumba. Ilipohamishiwa kwenye umeme Agosti 2021 serikali yenyewe ilisema mpangaji akikatwa azungumze na mwenye nyumba wake, wafidiane kwenye pango. Mimi napanga Chuda, mwaka wa nne huu. Sijawahi kufidiwa hata shilingi.

Shangazi Mwanaisha: Umewahi kuomba?

Zuhura: Mara moja. Nikaambiwa kama naona ghali vyumba viko vingi Tanga. Sijarudia tena, Shangazi. Kwa 1,500 nihame na watoto?

Idi fundi: Hapo ndipo wengi wanaponyamazia. Mimi nafunga mita mji mzima, Makorora, Mabawa, Chumbageni, malalamiko ni hayo hayo. Ilianza 1,000 kwa mwezi, tangu Julai 2023 ni 1,500. Ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Na usiponunua umeme mwezi, deni halifutiki, linakungoja. Nina mteja kaingia nyumba iliyokaa tupu miezi mitano. Umeme wake wa kwanza kalipia miezi ambayo hata ufunguo hajapewa.

Mjomba Bakari: Hiyo ya nyumba tupu kweli si haki. Lakini na mwenye nyumba msimsahau. Bati nani kabadilisha mwaka jana? Kodi ya ardhi nani analipa? Choo kilipojaa nani kaita gari? Mpangaji anatumia barabara, anatumia taa za mtaani, takataka zake zinazolewa. Akichangia 1,500 kuna ubaya gani?

Salma (Leicester): Shikamoo Mjomba. Huku England kodi ya halmashauri anailipa anayeishi ndani, awe mpangaji au mwenye nyumba. Kwa hiyo wazo lako lipo duniani. Lakini bili inakuja kwa jina langu, naiona kabla sijasaini mkataba. Nyumba zimepangwa ngazi nane, A mpaka H, kwa thamani zilizokuwa nayo 1991, na aliye mtu mzima peke yake ndani anapunguziwa robo. Mtu anajua anadaiwa nini na kwa nini. Huyo mama wa vitumbua kashtukizwa saa nane usiku.

Zuhura: Asante dada. Mjomba, bati na choo ndiyo maana tunachukua pango. Elfu thelathini mara vyumba vinne, kwa mwaka ni 1,440,000. Kodi ya jengo mwaka mzima ni 18,000. Haifiki pango la chumba kimoja kwa mwezi mmoja. Sisi wenye nyumba tunaona ndogo, tunamwachia mtu anayenunua umeme wa 2,000 na 1,000. Kwake ni robo tatu ya alichonacho mkononi siku hiyo.

Zuhura: Na angalieni hata tunavyosema. Pango tunaliita kodi, na hii nayo kodi. Mama yule kaniambia, "Mwanangu, mimi kodi nimeshalipa ya miezi sita, hii nyingine ya nani?" Nimekosa jibu, maana nyumba ni yetu.

Idi fundi: Kuna jambo jingine sijalisema kwa sababu linamgusa Mjomba. Ile mita ya pili aliyoweka kwa ajili ya cherehani za yule mshonaji, chumba cha nyuma. Jengo ni lile lile moja, lakini mita zote mbili zinakatwa. Jengo moja halitakiwi kulipa mara mbili. Inabidi kutoa taarifa mita moja iondolewe kwenye kodi hiyo.

Mjomba Bakari: Kumbe mshonaji naye anakatwa? Hajaniambia.

Idi fundi: Anakatwa tangu ifungwe.

Mjomba Bakari: Subhanallah. Nitakwenda Jumatatu. Wanataka nini?

Idi fundi: Namba za mita zote mbili, na kitambulisho cha mwenye jengo. Hapo ndipo kwenye kazi, mita ya mbele bado ina jina la marehemu Babu.

Shangazi Mwanaisha: Tumeanza kuyasema ya mirathi tangu Babu azikwe. Na Bibi je? Si wazee wa miaka 60 wamesamehewa?

Zuhura: Msamaha ni kwa mzee na nyumba anayoishi mwenyewe, asiye na kipato. Hii ina wapangaji na pango lake ndilo linamtunza Bibi. Mimi naona tusijifiche nyuma ya umri wake. Kinachoniuma ni kwamba huko Raskazone mtu ana jumba la chini lenye vyumba nane na bustani, naye analipa 1,500 hiyo hiyo. Zamani sheria ilitaka majengo yathaminiwe. Sasa aliye na jumba na aliye na vyumba vya udongo na saruji Ngamiani wanakatwa sawa, na wa Ngamiani hata nyumba si yake.

Mjomba Bakari: Hilo la Raskazone silo letu kulitengeneza. Letu ni hili. Mnataka nirudishe tangu 2021? Sina.

Zuhura: Hapana Mjomba. Wengine wameshahama. Naomba waliopo: pango la miezi sita ijayo lipungue 9,000, wagawane. Na aliyekatwa tarehe 1 atunze ujumbe wa LUKU, huo ndio risiti.

Salma (Leicester): Na mgeni akija aambiwe kabla hajatoa hela.

Mjomba Bakari: Sawa. Cha mshonaji nitamrejeshea chote, hicho ni kosa langu.

Shangazi Mwanaisha: Bibi kanipa simu niandike. Anasema 1,500 ya jana isingoje miezi sita, ipo kwenye kibweta chake. Zuhura, yule mama umwite aje ndani, na umletee mafuta ya taa, koroboi haina kitu.